Muzamu wa Ndani ya Mashine

Kijiwe chetu hapa Gisenyi kiko pale barabara ya soko inapokutana na ile inayoshuka ziwani. Benchi ni langu: ubao mmoja juu ya matofali, na termosi tatu za kahawa ya tangawizi. Jina langu ni Cansilde, ila hapa naitwa Mama Termosi, na anayekaa bila kununua namfukuza hata akiwa mzee wa kanisa. Alhamisi ile ya mwaka wa tisini na nane sikumfukuza mtu. Giza likiingia couvre-feu inaanza, hakuna kutembea, na magari ya askari yalikuwa yakipanda Mudende moja baada ya jingine. Mukagatare, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, alikuwa amekaa na karai lake tangu mchana bila kuuza kitu. Sote tulikuwa tunamsubiri Narcisse.

Narcisse anafanya kazi katika ofisi ya kutafuta watoto waliopotea vitani. Humo kuna kompyuta kubwa, ya ile aina wanayoita Unix, haina picha, ni maandishi matupu. Kila siku yenyewe tu, bila kuguswa, hupiga simu kwenye mashine ya redio na kupeleka ujumbe wa wazazi, na alfajiri redio inausoma. Lakini tangu Jumanne redio inasema kutoka Gisenyi hakuna ujumbe. Na ujumbe wa Mukagatare umo. Mwanawe Habumugisha yuko kwa masista ng'ambo ya mpaka, upande wa Masisi. Mchuuzi mmoja alimwona kwa macho yake. Barabara imefungwa, mama hawezi kwenda. Na kesho Ijumaa gari litabeba watoto wasio na ndugu kuwapeleka mbali, hata masista hawajui wapi. Ujumbe wenyewe ni mfupi: mama yako anaishi, usipande gari.

Narcisse akafika, shati limemganda mgongoni.

— Imeenda? — akauliza Mukagatare.

— Bado, mama.

Mukagatare akalivuta karai lake. Akafunika samaki wake kwa jani.

Wa kwanza kufungua mdomo akawa Egide, fundi redio, tunayemwita Voltage. Alikuwa ameanika mawe ya redio yake, zile betri, kwenye benchi, yapate jua, yarudishe nguvu kidogo.

— Ni courant, umeme. Groupe, ile jenereta ya ofisi yenu, inakohoa, mi naisikiaka.

— Groupe inawaka mpaka saa tatu ya usiku, — akasema Narcisse. — Muzamu wetu, yule mlinzi Kimenyi, ndiye anaizima. Na redio inafunguaka mulango saa mbili. Kwa hiyo courant iko.

— Zamani si walikuwa wanapokea jioni?

— Walibadilisha. Jumatatu chef, mukubwa wetu, akaniambia: Narcisse, sasa ni saa mbili ya usiku. Nikabadilisha. Tangu siku ile, kimya.

— Tuma na mukono basi!

— Nani atanipitisha barabarani usiku? Na kulala ofisini askari wamekataza, anabaki muzamu peke yake. Kimenyi hajui hata kuiwasha ile kitu.

Bizumuremyi akasogeza kikombe. Huyu tunamwita Pasta Bado, maana shule ya uchungaji aliianza mara tatu.

— Sasa mashini inajuaje saa, kama mutu hayuko?

— Iko kaprogramu ndani, kanaitwa kron. Ni kama muzamu. Unamuandikia: saa fulani, fanya kazi fulani. Yeye anaangaliaka saa tu, basi.

— Basi donc amekufa, — akasema Voltage.

— Anaishi. Nimeangalia leo asubuhi.

— Amelewa.

— Shida ya kron, — akasema Narcisse, — hajuaka njia. Mi nikiita programu, mashini inajua iko wapi. Yeye, lazima umuonyeshe barabara yote, toka mulango mpaka kitanda. Bon, nimeandika barabara yote. Mustari wa mwisho wa agizo usipoufunga, kron hausomi. Nimeufunga. Juzi nimejaribu na mukono, mchana, ikapiga simu muzuri kabisa, ni redio tu ilikuwa imefunga mulango. Mi mwenyewe nikiagiza, inafanya. Yeye akibaki peke yake, hakuna.

— Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, — akatamka Pasta Bado. — Ipige na jembe.

— Pasta, ile ni ya wageni!

— Na mashini ilizaliwa Gisenyi?

Tulicheka, Mungu atusamehe. Mukagatare hakucheka, na mimi nikaona haya, nikamwongezea kahawa ambayo hakuiomba.

— Ni gaz, ile gesi ya ziwa, — Voltage akaendelea. — Usiku inapanda, inakula waya ya simu. Ndiyo maana mchana inapita.

— Chef akiwa kwake anapigaka simu Kigali kila usiku, waya ni ileile.

— Kwani uliandika nini pale? — akauliza Pasta Bado. — Neno lenyewe.

— Si neno. Ni namba. Dakika, sifuri. Saa, mbili.

Pasta Bado akasimama, kikombe kikamwagika.

— Mbili! Mumesikia? Si banasema mashini zote zitakufa mwaka elfu mbili? Umeiandikia mbili, imeona mwisho wake, imeogopa! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

— Guu ya nani?

— Ya kompyuta!

— Nyamazeni, — akasema Mukagatare. Hakupaza sauti. — Mwanangu iko na miaka saba. Atapanda gari kwa sababu atafikiri nimekufa. Mi sitaki kujua mashini inaogopa nini.

Pasta Bado akarudi kukaa. Narcisse akaweka uso mikononi, na nilimhurumia, kwa sababu hakuwa mzembe. Jua lilikuwa limeshashuka upande wa Goma. Nikaanza kufunga termosi.

Hapo ndipo alipofika binti mmoja na begi mgongoni. Akatuambia anaitwa Resty, amekulia Uganda kwenye shule za Kiingereza, na anatafuta basi la Kigali la kesho. Mkononi alikuwa na saa ya plastiki, ya namba.

— Samahani, mzee. Basi inaondoka saa ngapi?

— Saa mbili ya asubuhi, — akajibu Voltage.

— Sasa hapa kwa saa yangu niangalie namba gani?

— Nane.

— Lakini umesema mbili.

— Mbili iko ya mudomo, dada. Namba iko ya bazungu. Sisi jua likitoka tunaanza kuhesabu, saa moja, saa mbili. Yako imeanza kuhesabu usiku wa manane watu wakilala. We ukiona nane, jua ni saa mbili.

— Na saa mbili ya usiku?

— Hiyo yako itaandika ishirini.

— Na hii ikiandika mbili?

— Hiyo ni saa nane ya usiku. Hakuna basi, hakuna mutu, hakuna hata...

— Groupe, — akasema Narcisse.

Alikuwa ameinua uso. Sijawahi kumwona mtu amekauka vile.

— Kron anasomaka saa ya namba. Chef alisema na mudomo, mi nikaandika na mudomo. Nimemwambia aamke saa nane ya usiku, na saa ile Kimenyi ameshazima kila kitu.

— Kumbe muzamu hana kosa! — Pasta Bado akaanza. — Wahenga walisema...

— Kimbia! — Mukagatare akapiga kelele, karai likaanguka. — Narcisse, kimbia!

Akakimbia. Ofisi iko juu, karibu na kanisa, na giza lilikuwa linakuja haraka kuliko yeye. Sisi tulibaki tunaokota sambaza kwenye vumbi. Resty nikaenda naye kulala kwangu. Jioni hiyo yote tulikuwa tunataja saa mbili na saa tatu kwa midomo yetu, na hakuna hata mmoja aliyesikia kosa. Usiku sikupata usingizi.

Couvre-feu ilipokwisha alfajiri tulikuwa wote benchini. Narcisse alikuwepo, mzima. Alifika, akafuta mbili, akaandika ishirini, akarudi kwake akipita nyuma ya nyumba za watu. Voltage akaweka mawe redioni, akaigonga. Redio ikakohoa, kisha ikasema: ujumbe kutoka Gisenyi. Ulikuwa wa siku zote zilizokwama, msomaji akasoma mpaka sauti ikamkauka. Sisi vikombe mkononi, hakuna aliyekunywa.

— Habumugisha wa Mukagatare, aliyeko kwa masista. Mama yako anaishi. Yuko Gisenyi. Usipande gari.

Voltage akaruka juu. Pasta Bado akalia waziwazi. Mukagatare alishika mkono wa Narcisse kwa mikono yake miwili, hakuuachia.

Redio ikafifia taratibu, mawe yalikuwa yameisha. Resty alikuwa amesimama na begi lake, tayari kwa basi.

— Na kule kwa masista, — akauliza, — redio yao iko na mawe?

Tukamtazama Voltage, fundi. Voltage akayatoa mawe redioni, akayaanika benchini. Mukagatare akauachia mkono wa Narcisse, akaninyooshea kikombe chake, nami nikainamisha termosi mpaka mwisho, haikutoka kitu.