Mama Fidélie na Moto wa Atelie

Ndugu, majirani na ninyi nyote mliokuja kulia nasi, mimi Guy, mdogo wa marehemu, nimetumwa na jamaa niwasomee maisha ya dada yetu, na nitasoma yote, hata yale ambayo wengine hapa wangependa niyaruke.

Fidélie Mwamba alizaliwa tarehe 9 Machi 1964 katika kijiji cha wavuvi kando ya ziwa Tshangalele, akasoma shule ya msingi huko huko, kisha sekondari Mulungwishi, alikopata diploma mwaka 1984. Tarehe 18 Julai 1987 alifunga ndoa hapa Likasi na Barthélemy Kabamba, seremala wa Shituru, na Mungu akawapa Josée na Ricky.

Mumewe alichonga, yeye alipaka. Rangi yake ilikuwa ya mafuta, ile inayoingia ndani ya mbao badala ya kuifunika, hata mishipa ya mti ikabaki kuonekana, kabati likawa jekundu kama la mukula, ule mti wa bei kali, na maji ya mvua yasiliharibu upesi, lakini mteja akiuliza alimjibu wazi, “Hii ni mikalitusi, rangi tu njo inadanganya macho.”

Barthélemy alifariki tarehe 2 Novemba 2015, na ndugu yake Hervé akaidai atelie, ile karakana yao ya useremala, dada akakataa. Jumapili tarehe 21 Agosti 2016, sisi sote tukiwa misani, atelie iliungua, umeme haukuwepo, mlango ulikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao dada peke yake. Hervé alisimama barabarani akapiga kelele, “Weye njo ulichoma, juu haukutaka tuipate!” Dada akajibu, “Minye shikuchoma kitu,” na moyoni akaamini kwamba mwenye kuchoma ni Hervé. Kwa miaka mitano hawakusalimiana, watoto wake wakakatazwa kula kwa baba yao mdogo, na majirani walinong’onezana kila dada alipopita.

Mwezi wa Septemba 2021, Hervé, aliyekuwa ameanza kupaka milango kwa rangi ile ile ya mafuta, alifika mbio kwa dada, mkononi kitambaa cha kupakia kilichoungua. “Belle-sœur, shemeji, bile bitambaa binawakaka byenyewe!” Dada alidhani ni mtego, hakumpa hata kiti, akamwambia tu, “Tuone.” Walikunja vitambaa vyenye ile rangi, wakavisonga ndani ya ndoo uani, wakakaa kila mmoja akichunga mikono ya mwenzake, jua likawapiga, mpaka moshi ukatoka na hakuna aliyegusa. Dada akaketi chini. “Kumbe ni minye,” alisema, “nilibiacha chini ya meza ya atelie, shikujua.” Hervé naye akalia.

Hervé alipita nyumba kwa nyumba akisema ukweli huo, wengine wakaamini, wengine wakasema wamepatana ili kuficha jambo.

Februari 2024 tension, yaani shinikizo la damu, ilimshika dada, akalazwa, na tarehe 6 Juni 2024 saa tisa alasiri alituacha, Josée na Hervé wakiwa kando ya kitanda.

Tunawashukuru waganga na wauguzi waliompigania, maseremala wenzake, na majirani waliotuletea maji na kuni. Ninyi mnaoangaliana bado ninapoutaja ule moto, Hervé ameketi pale, mwulizeni leo mbele yetu, si nyuma ya nyumba zenu.

Dada Fidélie, Bwana akupe sasa amani uliyoingoja, upumzike.