Kufuli la Tsuma

Tuktuk ya kutoka Gede ilitubeba watatu nyuma: mimi, mama mmoja mwenye kapu la kaa, na fundi wa kampuni ya umeme aliyepakata msumeno. Mama akamuuliza msumeno ni wa nini.

"Wa kukatia kufuli, mama," akajibu. "Kwetu, fundi kabla hajapanda nguzo huzima swichi na kuifunga kwa kufuli lake, asije mtu akawasha umeme naye angali juu. Anayelifungua ni yeye peke yake. Mwenzangu Tsuma alifunga swichi ya Dabaso, akapanda, moyo ukasimama huko huko juu. Tulimzika na sare yake, ufunguo mfukoni. Wiki ya tatu sasa, hakuna anayetaka kuligusa. Leo bosi kanituma mimi."

Nilidhani mama atampa pole. Badala yake akamkazia macho. "Mbona kwetu Dabaso umeme umerudi tangu asubuhi?"

"Haiwezekani, mama."

"Mwanangu, friji yangu inanguruma. Na mwenzako nimemwona mwenyewe pale kwenye nguzo, sare kama hiyo yako, ila imejaa udongo. Nikamsalimu, hakuitikia. Kafungua kwa ufunguo, kufuli kalitia mfukoni, kaenda zake. Nikasema, vijana wa kampuni siku hizi hawana adabu."

"Dabaso, kwenye nguzo!" dereva akaita, akasimama. Fundi hakuinuka. Mimi pia nilikuwa nishuke hapo. Nikamwomba dereva asogee mbele kidogo.