Vidole Viwili vya Nafasi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti, maana leo nina mtu wa kuwasimulia. Tunamkumbuka mama mmoja, mhandisi wa majengo ya chuma, aliyetutoka Alhamisi iliyopita baada ya kuugua. Alikuwa na miaka sitini na saba. Mafundi walimwita Bi Vidole. Kwa nini Bi Vidole? Tulieni, tutafika.

Alikuwa mtoto wa mshonaji. Cherehani ilikaa sebuleni, naye alikulia chini ya meza ile, akiokota vifungo. Dada yake mkubwa anakumbuka: "Mama akikushonea gauni, lazima akwambie, inua mkono. Likibana kwapani, anafumua. Hata mteja aseme limempendeza, anafumua tu."

Lishikeni hilo la kwapani, wasikilizaji.

Binti akasoma, akawa mhandisi. Kazi yake ilikuwa viungo. Mnaviona vile vyuma vya mshazari kwenye majengo, vinavyotoka kona hadi kona? Kila mwisho wa chuma hushikwa na bamba, na hicho ndicho kiungo. Ardhi ikitetemeka, chuma hujikunja, na bamba lazima lipinde nacho. Ili lipinde, chuma kisifike hadi konani. Pabaki utepe mtupu wa bamba, upana wa vidole viwili hivi. Pasipobaki, bamba linachanika. Ndiyo hivyo tu.

Viungo hivyo alivipima kwa programu ya kompyuta. Kiungo kikifaa, kinaonyesha kijani. Kisipofaa, chekundu.

Ikaja kazi ya wodi ya wazazi, ghorofa nne. Viungo arobaini na vinane. Vyote kijani. Akatia sahihi, mafundi wakachomelea.

Asubuhi moja akapanda jukwaa la mafundi kutazama. Akatafuta pa kuweka vidole vyake viwili kwenye bamba. Hapakuwepo. Akaenda bamba la pili. Hapakuwepo. Jamani!

Kosa lilikuwa lake. Viungo vile alivinakili kutoka kwenye ghala alilolichora zamani, ghala la kustahimili upepo tu. Akabadilisha vipimo, akasahau kuiambia programu kwamba hapa ni mambo ya tetemeko. Programu ikapima upepo, ikasema kijani. Haikumdanganya. Ilijibu alichoiuliza.

Akaenda kwa mkuu wake wa kazi. Mkuu akafunga mlango. "Programu imepitisha, mkaguzi amepitisha. Nani atajua?"

"Nimeshajua mimi, bosi. Sasa nifanyeje, nisahau?"

Akaandika barua kwa mkono wake: nimekosea, mabamba yote yakatwe. Yote arobaini na manane. Ufunguzi ukaahirishwa wiki kumi. Alivuliwa usimamizi wa mradi, na kule ofisini wapo waliomcheka hadi machozi. Nasema wazi, waliomcheka wajue tunawakumbuka pia.

Aliyewaka zaidi ni fundi mkuu wa kuchomelea. "Mama, unanivunjia kazi ya miezi miwili! Chuma kigumu namna hii, unataka nini tena?"

Bi Vidole akamtazama, mwanamume kifua kipana, ovaroli imembana. "Inua mkono, baba."

"Niinue mkono?"

"Inua."

Fundi akainua. Kwapani kukasema charrr! Vijana wote kazini wakaangua kicheko.

"Basi na hiki chuma," akamwambia, "kuna siku kitainua mkono."

Fundi akanuna wiki kumi nzima. Lakini alikata, akachomelea upya, na kila bamba akamwita mama aje kuweka vidole. Jina likazaliwa hapo.

Miaka sita ikapita. Tetemeko likaja Jumanne, saa sita mchana. Mnalikumbuka, sina haja ya kuwatonesha. Bi Vidole alitoka ofisini mbio, kiatu kimoja mguuni, mpaka wodini. Jengo limesimama. Kina mama thelathini na mmoja walikuwa uani, watoto vifuani. Wote wazima. Wote, wasikilizaji.

Akaingia kukagua, bamba kwa bamba. Mumewe alimkuta ngazini, analia. "Nikamwambia, pole mke wangu. Akaniambia, pole ya nini? Yamepinda yote! Hata moja halikuchanika!"

Bamba moja lililopinda alilichukua mabamba yalipobadilishwa. Hadi leo linazuia mlango wa sebule yao usijifunge. Wajukuu wamejikwaa hapo mpaka wamezoea.

Kwa mume, kwa dada, kwa watoto na wajukuu: poleni sana. Msiba huu ni wetu sote. Nasi tuliobaki, kesho kazini, kabla ya kutia sahihi, tujiulize: ni wapi tumeridhika na kijani tu? Na tukigundua tumekosea, tutaandika ile barua?

Mazishini nilisimama na yule fundi, sasa mzee wa mvi. Nikamuuliza kama bado ana kinyongo cha zile wiki kumi. Akamwita binti mmoja aliyevaa sare ya shule, akamshika bega.

"Huyu mjukuu wangu," akasema. "Jumanne ile alikuwa na siku mbili. Ghorofa ya tatu."