Dk. Hamdiya Aondoka na Kofia Yake

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuminya matumbo ya watu, Dk. Hamdiya Taimur, daktari bingwa wa upasuaji, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Matumbo ya Ilala nzima yamepumua! Sisi wa wodi ya upasuaji, hospitali ya hapa mtaa wa Gerezani, tunacheka huku tunafuta machozi.

Ni mtoto wa Kariakoo, duka la vitenge la baba yake likiwa chini, wao wakiishi juu. Mzee yule alikuwa akimfumba macho na kumtaka ataje kitambaa kwa kupapasa tu. Akaingia udaktari na tabia ileile. Daktari mgeni akikimbilia utrasaundi, hurudishwa kitandani kwa mgonjwa: kiganja kwanza, picha baadaye. Na kiganja chenyewe ukipashe joto, usimrushe mtu roho.

Ugonjwa anaoupenda kuuchambua hasa ni uvimbe wa tumbo upande wa kulia, chini. Kona hiyo, husema, ina wapangaji wengi kuliko nyumba yoyote ya Kariakoo: kidole tumbo kilichovimba, jipu, kifua kikuu cha utumbo, saratani, uvimbe wa ovari, hata figo iliyozaliwa mahali si pake. Ndiyo maana akaanzisha mchezo. Mgonjwa wa namna hiyo akiingia, na akiridhia, wote tunabashiri kabla ya vipimo, mgonjwa akiwa wa kwanza. Anayekosea huvaa kofia wakati wa chai. Ni ya mtumba, kutoka Mchikichini, ya zambarau, ina manyoya na ua la plastiki kubwa kama sahani. Jamani, ile kofia haijawahi kumpendeza mtu.

Beno, mchukuzi wa sokoni, alibashiri ngiri ya kubeba magunia. Sisi tukanong'ona saratani. Dk. Hamdiya akamuuliza habari za kukonda na jasho la usiku, akasema kifua kikuu, na kipande cha nyama kilipopimwa kikawa hicho hicho. Beno akameza dawa miezi sita, akanenepa, akarudi kutusalimia na kudai naye avalishwe kofia. Tukamvalisha, akanywa nayo chai vikombe viwili.

Januari mwaka huu mambo yakageuka. Sista Scholastika, mkuu wa wodi, alimwona daktari anatembea kajikunja, mkono upande wa kulia. Akiulizwa, anasema gesi. Gesi gani hiyo, mama? Homa ilipompanda, Scholastika akamlaza kwa amri. Ndipo daktari akatoboa siri: uvimbe alishaugusa mwenyewe, akanyamaza. Mama yake mzazi alikufa kwa saratani ya utumbo, iliyoanzia kona ileile. Tusidanganyane, tuliogopa. Mimi Zahoro, ninayewapa watu usingizi wa upasuaji kila siku, wangu sikuupata.

Lakini yeye, dripu mkononi, akaamuru mchezo uchezwe. Tukapanga foleni, tukapasha viganja joto. Akabashiri wa kwanza kama mgonjwa: saratani. Sisi sote, nusu kwa elimu na nusu kwa mapenzi, tukasema kidole tumbo.

Utrasaundi ikaonyesha kidole tumbo kilichovimba, utumbo na mafuta vimekizunguka. Hakupasuliwa, alipewa antibayotiki, akapumzishwa, uvimbe ukanywea. Ila kwa umri wake ilibidi kuhakikisha hakuna kingine kilichojificha, hivyo wiki kadhaa baadaye utumbo mpana ukachunguzwa kwa kamera. Wodi nzima ilijazana koridoni. Majibu yakatoka: hakuna saratani! Scholastika alipiga vigelegele mpaka mlinzi wa geti akaja mbio na rungu lake.

Dk. Hamdiya alilia, akajifuta, kisha akaagiza aletewe kofia. Akaivaa juu ya ushungi, akazunguka nayo kitanda kwa kitanda, akiwatangazia wagonjwa kwamba tangu azaliwe hajakosea vizuri namna hii.

Daktari wetu, asante kwa viganja vyenye joto, kwa ukali wako na kwa vicheko. Mungu akupe umri mrefu, tumbo laini na asubuhi zisizo na zamu. Kofia nenda nayo, umeshasema utaivaa ukikatiza viwanja vya Mnazi Mmoja kwenda sokoni. Kwenye msumari wake, chumba cha chai, hatutatundika kitu kingine. Na siku yoyote ukihisi chochote kona ile, usinyamaze tena: njoo, foleni tutaipanga.