Chura wa Taiwan

Uan, jina la utani la Kithai, yaani Bonge, alifika kwenye benchi la kahawa la Shangazi Malai asubuhi hiyo akiwa amechana nywele, na hilo peke yake liliwatosha wenzake Kung na Ek kumcheka. Rafiki yake Kop, yaani Chura, alikuwa anarudi Bangkok baada ya miaka mingi ya viwandani Taiwan, na wa kumpokea ni Uan. Simu ya Kop haipatikani. Uan mwenyewe hajawahi kukanyaga uwanja wa ndege. Akaagiza kahawa ya maziwa, akaomba aelekezwe. Kosa kubwa.

— Ukiingia usisimame, alisema Kung. Pale palikuwa bwawa la swila. Unadhani ile sakafu inayotembea wameiweka ya nini? Nyoka wasikuwahi!

— Acha fiksi, kaka.

— Ushasikia mtu kaumwa mle ndani?

— Sijasikia.

— Basi. Inafanya kazi.

Ek, ambaye aliwahi kufika mpaka kwenye maegesho, akaona anaporwa heshima yake.

— Sikilizeni mtu aliyefika. Wanaotua wanatokea ghorofa ya pili. Lakini wewe Uan anza ya nne, kayaamkie yale masanamu ya majitu yenye meno nje.

— Ya nini sasa?

— Ndiyo yanayohesabu watu! Usipoyaamkia, mgeni wako anarudishwa na ndege ileile.

— Na mizigo yake?

— Hiyo inabaki. Yanagawana.

Shangazi Malai alicheka mpaka akamwaga maziwa. Uan hakucheka. Mama yake alipofariki, Kop ndiye aliyekesha naye hekaluni hadi siku ya kuchoma maiti, akiwapikia waombolezaji uji. Mtu kama huyo atoke mlangoni akose wa kumlaki? Ingemuuma mpaka kufa.

— Na nikimkosa kwenye umati?

— Kitu kidogo hicho, alisema Kung. Nenda kaunta, wanamtangaza kwenye spika. Uwanja mzima utasikia, hata swila.

Pembeni alikaa dereva wa teksi, mgeni pale kijiweni, aliyekubali kumpeleka Uan akishamaliza kahawa yake ya barafu. Akavuta mrija mpaka ukalia.

— Samahani, wajomba. Kaunta watataka jina la kwenye pasipoti. Huyo Chura anaitwa nani?

— Kop, alisema Kung.

— La pasipoti, mjomba.

— Si Som... Som nani vile?

— Huyo ni aliyemuuzia pikipiki, alisema Ek.

Wote wakamgeukia Uan. Aibu ikampanda hadi masikioni.

— Mimi nilimwita Kop akaitika, alisema. Sikuwahi kuhitaji jingine.

Shangazi Malai akachana boksi la maziwa liwe bango, Ek akachora juu yake chura aliyefanana zaidi na kiazi. Uan akaingia kwenye teksi, bango mapajani. Gari lilipoanza kuondoka, akateremsha kioo.

— Na mimi je? Nikipotea huko, mtanitangaza kwa jina gani?

Kung akachungulia glasi yake. Ek naye akachungulia yake. Shangazi Malai, ambaye birika lake lilikuwa limejaa, akatangaza kwamba kahawa imekwisha.