Gari Lililounguruma Ukweni

Jumamosi iliyopita, kule Lobule, upande wa Koboko, Obitre alisimama mbele ya watu aliotaka wawe wakwe zake. Akataja ukoo wake vizuri, akataja babu zake bila kuchanganya majina. Alipofika kwenye maneno "nimekuja kukaa nanyi", gari lake kuukuu, aliloliacha linaunguruma pembeni mwa ua, likakohoa kwa kishindo hadi kuku wakatawanyika. Margarita, shangazi wa mchumba, akauliza: "Huyu amekuja kuoa au amekuja kuiba? Mbona gari iko tayari kukimbia?" Watu wakacheka, na Obitre akacheka kuwashinda wote, maana kwenye kicheko ndiko anakojifichaga. Lakini posa haikupokelewa. Arudi wiki ijayo, aliambiwa, injini ikiwa imezimwa. Akaona haya kueleza kwamba gari hilo likishapoa, kuliwasha ni kilio: stata inazunguka na kuzunguka, na wapita njia wanasimama kumpa pole.

Wiki yenyewe ndiyo imefika. Gari, lililogoma kuwaka tangu alfajiri, lipo mbele ya benchi la Concy, muuza kahawa ya tangawizi wa mjini Arua, na Obitre, mwenye suti ya posa, kila akikaa anainuka.

— Betri hiyo, alisema Shafiki. Huyu alikuwa dereva wa malori ya Juba, na watu humwita Gia Mbili kwa sababu ana mwendo wa aina mbili tu, kusinzia na kugomba.

— Betri gani, bwana? Obitre akajibu. Stata inazunguka kama cherehani.

— Basi mafuta iko na maji.

— Ingekuwa maji, ingesumbua hata njiani. Ikishawaka inapanda mlima bila neno.

— Nyinyi hapana jua kitu, akadakia Onzima, aitwaye Redio kwa kuwa hakuna aliyewahi kumzima. Hii gari ilizaliwa nchi ya baridi. Asubuhi ya Arua inafikiri bado ni usiku. Iko inaota.

— Lakini mchana nikiizima kidogo tu, nikarudi, inawaka papo hapo!

— Si imeshaamka?

Obitre akainuka tena. Ameendesha mpaka Kisangani, amelala Kigali na Mombasa, na hakuna mahali alipowahi kushindwa maneno kama kwenye benchi hili.

— Kaa chini, mzee, unanimwagia kahawa, Concy alimkemea.

Alikaa. Akainuka.

— Mimi naona ni wivu, Redio akaendelea. Hii gari imekaa na wewe tangu ulipofiwa na mke. Ukioa, utanunua ingine kubwa, hii utauza. Iko inajua.

— Gari haina masikio, Redio.

— Haina? Ilikohoa saa ngapi kule Lobule? Ulipokuwa unasema mambo ya mvua? Ulikoholewa uliposema utakaa! Mutu ambaye hajakaa mahali miaka yote hii! Mashine imekataa uongo.

Benchi zima likacheka. Obitre naye akacheka, ila kicheko kilimwishia katikati. Usiku kucha alikuwa akijiuliza kitu hichohicho: je, lile gari aliliacha linaunguruma kwa sababu ya stata peke yake?

Hapo akashuka kwenye boda mwanamke mwenye kikapu. Ni Agnes Keji, muuza vitambaa wa Koboko, bibi harusi mwenyewe, kama mambo yataenda sawa. Ametoka kwao alfajiri.

— Keji! Umefuata nini huku?

— Nimekufuata wewe. Shangazi amesema hutafika. Habari zenu, wazee?

Wakampisha, wakampa kahawa, wakamweleza betri, maji, usingizi na wivu. Alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza kikombe.

— Mimi nina swali moja. Kile kitu kinacholia chini ya kiti cha nyuma, mbona hamkingoji kimalize?

— Kitu gani?

— Ukigusa ufunguo, kinaanza kuvuma. Hakijamaliza, wewe umeshapiga stata.

Gia Mbili akamtazama Redio. Redio akageuka kukitazama kiti cha nyuma. Wote huwa wanagombania kiti cha mbele. Nyuma hukaa Keji na kikapu chake.

Obitre akaingia garini. Akageuza ufunguo kidogo, akauacha hapohapo. Huko nyuma kitu kikavuma, mmm, kikakoma. Akaurudisha, akaugeuza tena, akangoja tena. Ndipo akapiga stata. Gari likawaka kama lililoitwa jina.

— Nilisema mafuta! Gia Mbili alipaza sauti. Gari ikilala, mafuta yanateremka kurudi tangini. Kuna vali imechoka kuyashika. Pampu hiyo inayovuma inataka nafasi iyapandishe, na huyu hana subira! Vali itabadilishwa, kwa leo ngoja tu mvumo uishe.

Obitre alikuwa ameshafunga mlango.

— Panda, Keji, twende upesi kabla haijazima.

— Izime.

— Izime? Imewaka sasa hivi!

— Sijamaliza kahawa.

Akalizima.

— Na nikizima pale kwenu, mbele ya Shangazi, halafu ikakataa kabisa kuwaka?

— Basi utakaa, alisema Keji. Si ndivyo ulivyowaambia?