Ndege ya Bei ya Kondoo Mmoja

Kijiwe chetu hapa Gitting ni benchi moja nje ya banda la Injinia, fundi simu. Uinjinia tulimpa sisi, chuo hakihusiki. Kahawa anauza Hermani kwenye birika lake la bati, na ukichelewa unakunywa machicha. Asubuhi ile akaja Nicodemo, jirani yangu, kauza kondoo. Ngano yake kule mlimani imeiva, na mwaka jana kwelea walimwachia makapi, nyumba nzima ikala unga wa kununua. Mkewe, Mama Glory, alikwenda msibani Dongobesh, akamwachia shamba na debe la kupiga. Nicodemo anasema debe linamuumiza bega. Anataka ndege ya rimoti iwafukuze kwelea, yeye kakaa kivulini. Benchi lilikuwa limejaa, akaligeuza lile debe akalikalia. Mimi nikajinywea kahawa yangu, maana kwa hawa ukitoa akili wanakuchangia ujinga.

— Kondoo mmoja anatosha ndege gani? akauliza Nicodemo.

INJINIA: Ya povu. Lile jeupe linalofungiwa televisheni. Ikianguka unaigundisha, maisha yanaendelea. Na chukua yenye mabawa juu ya mgongo, inatulia hata ukikosea. Ya mabawa chini ni ya waliozoea.

Hapo Rubani akacheka. Rubani ni Clement, aliyewahi kumsindikiza shangazi yake uwanja wa ndege, akaishia getini.

RUBANI: Povu? Upepo wa huu mlima unaezua mabati, utaacha povu? Chukua ya kivita, yenye mbio. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka.

HERMANI: Sasa hiyo si inakukataza?

RUBANI: Inakataza haraka mbili. Sisi tunanunua moja.

NICODEMO: Ya kivita inakwenda bei gani?

INJINIA: Ndama.

NICODEMO: Ndama ni wa Mama Glory.

Tukavua kofia, kwa heshima ya Mama Glory.

HERMANI: Na hiyo ya povu, betri inakaa?

INJINIA: Vikombe viwili vya kahawa hivi, unashusha unachaji.

HERMANI: Na kwelea wanangoja ichaji?

RUBANI: Hermani, usimvunje moyo mtu. Mchagua jembe si mkulima. Ndiyo maana sisi tunamchagulia ndege.

Kundi la kwelea likapita juu yetu, zito, likipandisha mlimani. Injinia akalinyooshea bisibisi.

INJINIA: Tazameni wanavyokata kona. Kona ile, rimoti ya bei rahisi haikupi. Ongeza kidogo upate yenye mkia unaogeuka.

Tukawatazama wote mpaka wakapotea nyuma ya mikaratusi. Nicodemo naye alitazama, akasema kwa kweli wanapendeza.

RUBANI: Tena kufukuza ni ushamba. Ipake mdomo mwekundu kama kwelea dume. Wakiiona watajua ni mkubwa wao, wanaifuata. Unawapeleka polepole mpaka Singida, unawakabidhi.

HERMANI: Rimoti inafika Singida?

RUBANI: Unaifuata na bodaboda.

NICODEMO: Na wakirudi?

RUBANI: Wanarudi bila kiongozi. Kundi bila kiongozi haliwezi kula, linagombana tu.

INJINIA: Hapo kasema.

Kahawa ilikuwa imebaki ya kikombe kimoja. Akafika Kissa, muuguzi mpya wa zahanati, katoka Rungwe hata mwezi hajamaliza.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

Akaomba kahawa. Wakati Hermani anasuuza kikombe, akasikiliza habari yote ya ndege, mabawa, mpaka Singida. Kisha akamgeukia Nicodemo, kwa adabu kabisa.

— Samahani, baba. Hiyo ngano saa hizi iko na nani?

Injinia akaanza kuisoma bisibisi yake. Rubani akatazama juu, upande ule ule wa mikaratusi. Mimi nikauficha mkono mfukoni, maana nilijua kundi lile lilikuwa linakwenda wapi, na nilikuwa nimelipungia.

Nicodemo akainuka. Akanyakua birika la Hermani, akaimwaga kahawa ya Kissa chini, akampokonya Injinia bisibisi, akapandisha mlima anakimbia huku anapiga bati. Baada ya muda tukaliona kundi likiinuka kutoka shambani kwake, jeusi. Kissa akarudi kazini bila kahawa.

Gari la mchana kutoka Dongobesh likamshusha Mama Glory mbele yetu, bado ana kanga ya msibani. Akasimama, akasikiliza ule mlio wa kule juu.

— Lile si debe langu, akasema. Debe langu liko wapi?

Nikainuka, nikampa. Lilikuwa zuri kukalia kuliko benchi.

Akalichukua akapanda nalo bila kutuaga. Muda si mrefu milio ikawa miwili.